Sarafu mbili ndani ya kipande kimoja cha shaba: tujadili chapa juu ya chapa za Wagiriki wa kale

FuaweNaNyundo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa nikisoma jukwaa hili kimya kimya kwa muda mrefu, leo naomba nami nilete kitu. Nimeweka picha nne hapo chini. Zifungueni kwanza, kisha mrudi kwenye maelezo.

Hiyo ni sarafu ya shaba ya mji wa Kentoripai, kisiwani Sisilia. Mji wenyewe upo hadi leo, unaitwa Centuripe, umekaa juu ya mlima ukitazamana na volkano ya Etna. Sarafu ina upana wa milimita 30 hivi na uzito wa gramu 30 hivi, kwa hiyo ukiiweka kiganjani unausikia uzito wake. Iligongwa katika miaka ya 340 au 330 KK. Upande mmoja kuna kichwa cha Persephone, binti wa mungu wa kike wa nafaka, amevikwa mashuke, na pomboo wanne wanamzunguka. Upande wa pili kuna chui na jina la watu wa mji.

Niliinunua kwenye mnada mdogo hapa Ujerumani ninakoishi. Bei ilikuwa ya chini kwa sababu muuzaji aliiandika "imechakaa, uso umevurugika". Lakini haikuchakaa hata kidogo. Tazameni picha ya pili, mgongoni mwa chui: kuna mstari uliopinda ambao si wa chui. Ni ukingo wa kofia ya vita. Kofia hiyo ni ya mungu wa kike Athena, na Athena huyo ni wa Syracuse, mji mkubwa wa kisiwa hicho hicho.

Yaani kipande hiki kilikuwa sarafu kamili ya Syracuse. Kikatumika, kikapita mikono ya watu, halafu siku moja mtu wa Kentoripai akakiweka kwenye fuawe na kukigonga upya kwa chapa ya mji wake bila kukiyeyusha. Chapa ya pili haikuifuta ya kwanza yote. Mimi naziita chapa ya juu na chapa ya chini.

Nina jambo moja tu la kusema kwenye uzi huu: sarafu za namna hii si mbovu. Ni mashahidi. Sarafu ya kawaida inakwambia "mimi ni ya mji fulani". Hii inakwambia nani alitangulia na nani alifuata, na ushahidi huo haukuandikwa na mwanahistoria wala kuagizwa na mfalme. Umebaki kwa sababu nyundo haikumaliza kazi.

Sasa nawapa zoezi. Picha ya kwanza, upande wa Persephone: hesabuni pomboo.

---

MwanaMzizima

Mkuu nimefungua picha, nimeona wanne, labda na kitu kingine karibu na shingo. Nitarudi nikikaa kwenye kompyuta.

Swali langu: kwa nini hawakuyeyusha tu? Wana moto, wana kalibu. Yeyusha, mimina, gonga, upate sarafu safi. Kugonga juu ya ya zamani naona kama uvivu.

---

SonaraKibokoni

Ndugu MwanaMzizima, naomba nijibu hilo mimi, kwa sababu nimekaa mbele ya moto miaka ishirini na saba. Dhahabu na fedha ndiyo kazi yangu, lakini shaba naijua.

Kuyeyusha si jambo dogo. Aloi ya shaba na bati inataka joto kali, karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi. Makaa mengi, mivukuto, mtu wa kuvukuta asiyechoka, na chungu cha kuyeyushia kinachovumilia. Na kila ukiyeyusha unapoteza kitu: bati linaungua, takataka inaelea, matone yanamwagika. Halafu umimine kwenye kalibu, ukate, usawazishe uzito wa kila kipande. Sasa fikiria una vipande elfu tano.

Ukiwa na sarafu iliyokwisha tengenezwa, kazi hiyo yote mwenzako alishakufanyia. Kipande ni duara, unene ni sawa, uzito unajulikana. Unakipasha moto hadi kiwe chekundu kidogo, basi. Shaba iliyowahi kugongwa huwa ngumu, ukiigonga tena baridi inapasuka. Moto ndio unairudishia ulaini. Unakishika kwa koleo, unakiweka juu ya muhuri ulio kwenye fuawe, unasimamisha muhuri wa pili juu yake, unapiga nyundo.

Angalieni ukingo wa sarafu ya mwanzisha uzi, picha ya nne. Kuna nyufa mbili. Hiyo sarafu haikupashwa moto vya kutosha, au ilipoa kabla ya pigo. Na ndiyo maana chapa ya chini imebaki. Ingekuwa na joto zuri na pigo zito, Athena angepotea kabisa.

---

FuaweNaNyundo

Sonara, ahsante sana. Nimesoma maelezo ya wasomi wengi kuhusu nyufa hizo, hakuna aliyenifungua macho kama wewe.

MwanaMzizima, naomba niongezee upande wa siasa na njaa, kwa sababu si kazi ya moto peke yake.

Dionysios wa Kwanza alitawala Syracuse kwa mabavu kuanzia 405 hadi 367 KK. Alipigana na Karthago, dola ya Afrika Kaskazini, karibu maisha yake yote, na vita hivyo alivipigana kwa mamluki: Wakampania kutoka Italia na wengineo. Sarafu kubwa za shaba zenye Athena upande mmoja, na nyota kati ya pomboo wawili upande wa pili, wengi leo wanazihusisha na utawala wake. Zilikuwa nyingi mno. Mamluki walizibeba walikokwenda, na wengine walipewa miji mizima wakakaa humo. Wakampania waliwekwa katika mji wa Katane, baadaye wakahamishiwa mji wa Aitna. Ndivyo shaba ya Syracuse ilivyosambaa hadi bara la kisiwa.

Mwaka 344 KK mji wa Korintho, Ugiriki, ukamtuma jemadari Timoleon kwenda kuikomboa Syracuse. Plutarko, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia hali aliyoikuta: mji umekimbiwa na watu, majani yameota uwanjani katikati ya mji hadi farasi wanalishwa hapo. Fedha hakuna. Wakauza nyumba. Kisha wakaamua kuuza hata sanamu za watawala wa zamani, na kabla ya kuziuza walizishtaki moja moja kama watu mahakamani, wakapiga kura. Ya mtawala Gelon tu ndiyo iliachwa, kwa heshima ya ushindi wake dhidi ya Wakarthago pale Himera. Mji unaouza sanamu zake kwa ajili ya shaba, mkuu, hauna anasa ya kuchagua namna nzuri ya kutengeneza sarafu.

Miji midogo ya bara ilikuwa na shida hiyo hiyo. Mwanahistoria wa kale Diodoros anasema Timoleon alimfukuza Nikodemos aliyekuwa mtawala wa Kentoripai, na Apolloniades aliyekuwa akiitawala Agyrion. Huyo Diodoros mwenyewe alizaliwa Agyrion, kwa hiyo anapoandika habari hizi anaandika habari za nyumbani kwao. Miji iliyopata uhuru ilitaka sarafu yenye jina lake. Bati Sisilia haina, lazima lije kwa meli. Shaba iliyokuwepo ni ile ya Dionysios, imejaa mifukoni na sokoni. Kentoripai wakaichukua hiyo hiyo wakagonga chui juu yake. Watu wa mji wa Herbessos nao wakafanya hivyo, wakaweka uso wa Sikelia, yaani kisiwa chenyewe kama mwanamke, na upande wa pili tai na nyoka.

Kwa hiyo sioni uvivu hapo. Naona watu wenye haraka na ukata.

---

MwalimuKidato

Mwanzisha uzi, uzi mzuri, lakini mimi ni mwalimu wa historia, nina wasiwasi na neno "shahidi".

Chapa ya juu ni ya baadaye kuliko chapa ya chini, hilo halina ubishi. Lakini baadaye kwa kiasi gani? Mwaka mmoja? Miaka 60? Sarafu ya shaba inaweza kukaa sokoni miaka mingi sana. Mkigundua kwamba mji B umegonga juu ya mji A, mmepata mpangilio tu, hamjapata tarehe. Naona watu mitandaoni wanaruka kutoka kwenye mpangilio hadi kwenye tarehe kana kwamba ni kitu kimoja.

---

FuaweNaNyundo

Mwalimu, nakubali, na sitaki kulipunguza hilo. Sarafu moja iliyogongwa mara mbili inakupa "kabla" na "baada", basi. Nguvu yake inakuja pale unapokuwa na nyingi, au pale mpangilio unapokutana na tukio lenye tarehe.

Hata hizo sarafu za Athena wa Syracuse zilibishaniwa muda mrefu: ni za Dionysios, au ni za Timoleon? Ukiona mji uliokombolewa na Timoleon unagonga juu ya kipande ambacho kimeshatembea, kimelika kingo, basi inakuwa vigumu kusema kipande hicho kilizaliwa siku hiyo hiyo. Mpangilio peke yake umeusogeza mjadala.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Roma. Wakati wa vita vya 218 hadi 201 KK na Hannibal, jemadari wa Karthago, Waroma walikuwa na majeshi Sisilia na Sardinia, na walihitaji sarafu hapo hapo. Sisilia walichukua shaba za Hieron wa Pili wa Syracuse, zenye Poseidon, mungu wa bahari, na mkuki wake wa meno matatu, wakagonga mungu wao Mercurius upande mmoja na omo ya meli upande wa pili. Kuna vipande ambavyo meno ya mkuki wa Poseidon yanachomoza chini ya omo ya meli ya Kiroma. Sardinia walichukua shaba za Karthago zenye uso wa mungu wa kike Tanit upande mmoja na fahali upande wa pili, wakazifanyia vivyo hivyo. Kwa hiyo hizo za Kiroma haziwezi kuwa za kabla ya sarafu walizozifunika, na zinaangukia kwenye vita vile vile.

Kwa nini ilikuwa muhimu? Kwa sababu kulikuwa na ubishi mkali kuhusu lini Roma ilianza sarafu ya fedha iitwayo denari. Mwaka 1932 wataalamu wa sarafu Mattingly na Robinson walitetea 187 KK, na wengi wakawafuata. Kisha wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton wakaanza kuchimba Morgantina, Sisilia, mwaka 1955. Mji huo ulitekwa na Waroma 211 KK, na denari za kwanza zikakutwa chini ya tabaka la uharibifu ule. Zile shaba zilizogongwa juu ya shaba za adui zilikuwa tayari zinaelekeza huko huko, na udongo ukathibitisha.

Na Morgantina ina habari nyingine nzuri, ingawa si ya chapa mbili. Hata jina la magofu hayo halikujulikana kwa hakika hadi 1958, mwanaakiolojia Kenan Erim alipolitambua kwa kutumia sarafu za shaba zilizoandikwa HISPANORVM, "za Wahispania". Livius, mwanahistoria wa Roma, alikuwa ameandika kwamba Roma iliwapa mji huo mamluki wa Kihispania. Shaba ndogo za watu wa kukodiwa ndizo zilizourudishia mji jina lake.

---

BintiMatrah

Asalaam aleikum. Niko Muscat, nasoma uzi huu tangu jana. Kaka FuaweNaNyundo, mimi najiuliza jambo la moyo zaidi. Unapochukua uso wa mungu wa watu wengine ukaupiga nyundo, si ni kuwatukana? Au wao hawakuona hivyo?

---

FuaweNaNyundo

Waaleikum salaam dada. Nadhani mara nyingi hawakuona hivyo. Miji ya Boiotia, Ugiriki ya kati, iligonga Demeter na Poseidon juu ya shaba za wafalme wa Makedonia, na sioni hasira humo, naona shaba iliyokuwepo. Mgongaji hakuhangaika hata kuilaza sarafu vizuri: mara nyingi chapa ya chini imelala ubavu au imepinduka kichwa chini.

Lakini upo wakati ambapo nia inaonekana waziwazi. Wayahudi walioasi dhidi ya Roma chini ya Bar Kokhba, kati ya 132 na 135 BK, sarafu zao zote waligonga juu ya sarafu zilizokuwepo: denari za Roma, na shaba za miji yenye utamaduni wa Kigiriki kama Gaza na Ashkeloni. Kwenye shaba kubwa walitumia tupa kwanza. Wakausugua uso wa kaisari, kisha wakagonga mtende au jani la mzabibu, na maneno ya uhuru kwa herufi za kale za Kiebrania. Mpaka leo mikwaruzo ya tupa inaonekana. Hapo hata mimi nasema ndiyo, mkono ule ulijua unachokifuta.

Na kuna upande wa tatu, wa mashariki, huko Afghanistan, Pakistan na India ya leo. Baada ya Aleksanda walitawala huko wafalme wa Kigiriki zaidi ya thelathini, na wengi wao hawatajwi na mwandishi yeyote. Tunawajua kwa sarafu peke yake, nyingi zikiwa za shaba za pembe nne, Kigiriki upande mmoja na maandishi ya Kharoshti, herufi za kale za huko, upande wa pili. Nani alimfuata nani? Mfalme Eukratides aligonga juu ya sarafu za mfalme Apollodotos. Heliokles aligonga juu ya sarafu za malkia Agathokleia na Strato. Kila kipande cha namna hiyo ni mstari mmoja wa orodha ya wafalme. Hapo mwalimu asinilaumu nikisema "shahidi", maana bila vipande hivyo sehemu kubwa ya historia ile isingekuwa na mfuatano.

---

MwanaMzizima

Nimekaa kwenye kompyuta sasa. Nina swali la mtu mgeni. Ninajuaje kwamba hii ni miji miwili na si mgongaji mmoja aliyeteleza akapiga mara mbili?

---

FuaweNaNyundo

Swali zuri. Akiteleza, picha ni ile ile mara mbili: pua mbili, macho mawili yaliyopishana, herufi zilezile zimejirudia. Ikiwa ni chapa juu ya chapa, utakuta kitu ambacho hakina nafasi kwenye muundo wa juu, kama kofia mgongoni mwa chui. Pia usichanganye na alama ndogo inayogongwa pembeni ili kuithibitisha sarafu; ile ni kishimo kimoja chenye mpaka wake.

Namna ya kusoma: zima taa ya dari, weka taa moja ubavuni, chini kabisa, karibu usawa wa meza. Zungusha sarafu pole pole, si taa. Chapa ya chini hubaki zaidi kingoni na kwenye mabonde, pale ambapo muhuri haukugusa kwa nguvu. Ukipata mstari mmoja wa uhakika, tafuta picha ya sarafu nzima unayoshuku, uipunguze hadi ukubwa sawa, uiweke juu kama karatasi inayopitisha mwanga. Ikikaa sawa upande mmoja, geuza uone kama upande wa pili nao unakubali. Lazima pande zote mbili zikubali.

Na tafadhali, tafadhali, msisafishe. Sarafu yangu ya kwanza kabisa ya shaba niliilaza kwenye maji ya ndimu usiku kucha kwa sababu niliona mtu mtandaoni anafanya hivyo. Asubuhi ngozi yake ya kijani ilikuwa imetoka, na pamoja nayo mistari myembamba iliyokuwa kando ya shingo. Nilikuwa nimeipiga picha moja kabla. Kwenye picha ile kuna herufi tatu za chapa ya chini. Kwenye sarafu hazipo tena. Ni miaka kumi na moja sasa na bado inaniuma. Zilivumilia miaka zaidi ya elfu mbili ardhini, zikaishia kwenye bakuli langu.

---

MwalimuKidato

Pole sana ndugu. Naongeza jambo moja kabla watu hawajakimbilia kununua. Italia vitu vya kale vinavyochimbuliwa ni mali ya taifa kwa sheria ya tangu 1909. Morgantina hiyo hiyo iliporwa vibaya: vyombo vya fedha vilivyofika makumbusho ya Metropolitan huko New York vilirudishwa Italia 2010, na sanamu kubwa ya mungu wa kike iliyokuwa makumbusho ya Getty, Marekani, ikarudi Aidone, mji ulio jirani na magofu hayo, 2011. Sarafu ikichomolewa usiku kwa mashine ya kutafutia chuma, lile tabaka la udongo lililothibitisha denari haliwezi kusomwa tena. Ulizeni karatasi za umiliki.

---

FuaweNaNyundo

Umesema kweli kabisa. Hii yangu ina kadi ya mkusanyaji wa zamani na risiti yake. Bila hiyo nisingeigusa. Na asiye na uwezo wa kununua hajakosa kitu: makumbusho makubwa yameweka picha za sarafu zao wazi mtandaoni, na chapa nyingi za chini bado hazijatambuliwa na mtu.

Haya, zoezi langu limesahaulika. Pomboo wangapi?

---

MwanaMzizima

Watano! Wanne wa Persephone, halafu mmoja nyuma ya shingo, amepinda kinyume na wenzake na ni mkubwa kuliko wao.

---

FuaweNaNyundo

Hongera. Huyo wa tano ni wa Syracuse. Mimi ilinichukua wiki mbili kumwona.

---

SonaraKibokoni

Samahanini, nimechelewa, nilikuwa na kazi ya harusi. Nimeichapisha picha kwa ukubwa wa sahani nikaiweka mezani chini ya taa yangu ya kazi.

FuaweNaNyundo, umesema sarafu ya Syracuse ilikuwa na nyota katikati na pomboo wawili, mmoja kila upande. Basi huyo wa tano hawezi kuwa peke yake. Nimetafuta nyota kwanza. Miale yake miwili ipo, kwenye shavu la Persephone, chini kidogo ya jicho. Mtu anaweza kudhani ni mikwaruzo. Nikachukua bikari, nikaweka ncha kwenye nyota, nikapima hadi kwa pomboo wako, nikazungusha hadi upande wa pili kwa umbali ule ule. Bikari imeangukia mbele ya paji la uso, kati ya pomboo wawili wadogo.

Kuna mkia pale. Mkia tu, mwili umelala chini ya mashuke. Weka taa upande wa kushoto, chini, uzungushe sarafu mpaka pua ya Persephone ielekee kwako, kisha uniambie kama unamwona.

---

FuaweNaNyundo

Nimezima taa ya dari. Nimezungusha. Nina sarafu hii mwaka wa tatu, Sonara.

Yupo.